Pikapu Iliyolinda Kinamasi

Shamba la kina Osterhaus liliuzwa mwezi wa saba, na Marlys Tvedt akajikuta mwindaji asiye na pori.

Habari zilimkuta juu ya ngazi, brashi mkononi, akipaka rangi dari ya bweni la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ndiyo kazi yake tangu ujana. Kila kiangazi wanafunzi wakiondoka Harlow Mills, yeye na wenzake huingia na madebe ya rangi nyeupe kufuta yale ambayo watoto wa watu wameandika ukutani. Aliyemletea habari alisema wanunuzi ni madaktari wawili wa meno kutoka Milwaukee. Haikupita wiki, vibao vya kukataza watu kuingia vilikuwa vimepigiliwa kwenye kila mti wa mpakani, hata kwenye ule mkavu ambao mwenye akili asingeupigilia kitu. Marlys alipita akaviona. Alisimamisha gari, akavitazama, akatoa tusi moja alilorithi kwa baba yake, akaenda zake.

Mzee Osterhaus, Mungu amlaze pema, hakuwahi kumwandikia ruhusa. Kila mwaka Marlys alimpelekea soseji za kulungu, na mzee alizinusa akasema, "Basi rudi mwakani." Mapatano yalikuwa hayo. Maneno ya marehemu hayana muhuri, na watoto wake walikuwa wanaishi mbali na hawakumjua Marlys ni nani.

Mwaka mwingine angesema potelea mbali, nitatafuta taratibu. Lakini mwaka huu kulikuwa na jambo la bega. Dari za mabweni zilikuwa zimemla bega la kulia kidogo kidogo, na sasa hata kuchana nywele ilikuwa vita. Daktari alimpangia upasuaji mwezi wa kumi na mbili, kisha akakohoa kile kikohozi cha madaktari.

"Siwezi kukuahidi kwamba utavuta tena upinde," alimwambia. "Ila kuna zile pinde za mtambo. Unabonyeza tu, mshale unaenda."

"Hiyo ni bunduki isiyo na kelele," Marlys akajibu.

Kwa hiyo alitaka kulungu mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya kisu. Hakutaka pembe wala sifa. Hata jike lingetosha. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka kitu chochote tangu mumewe alipokwenda Arizona kutafuta jua na kusahau kurudi, na hakuona aibu kulitaka.

Binti yake Kristin, aliyeko Minneapolis, alimpigia simu.

"Mama, si ununue nyama dukani kama watu?"

"Nyama ya duka haijui kukimbia."

"Si ndiyo uzuri wake! Haikimbii, hupandi mti, huanguki."

"We Kristin, hayo meno unayonisemea nayo yaliota kwa nyama gani?"

Kristin akacheka, akasema haya, mama, lakini nipigie ukishuka mtini. Siku zote alikuwa anasema hivyo, na siku zote Marlys alikuwa anasahau.

Basi akaanza kutafuta ardhi ya umma. Siku hizi pori halitafutwi kwa miguu, linatafutwa kwa kidole. Simu inakuchorea ramani, na kila penye rangi ya kijani ni mali ya wote, ingia na upinde wako hakuna wa kukufukuza. Ubaya ni kwamba simu ile ile anayo kila mtu. Harlow Mills ni mji wa chuo, na wanafunzi wakirudi mwezi wa tisa nusu yao wanakuja na vitabu na nusu wanakuja na pinde.

Akaanza na pori kubwa la serikali, upande wa magharibi. Alifua nguo zake kwa sabuni isiyo na harufu, akazianika nje, akaacha kula vitunguu, maana kulungu ana pua kuliko macho, na mwindaji wa upinde asiyejua hilo ni mtembezi tu. Alifika hakujapambazuka, akakuta maegesho yamejaa magari utadhani kuna harusi. Alijipenyeza, akafunga kichanja chake mtini, akapanda huku bega likimlalamikia. Jua lilipotoka akasikia muziki. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anakuja na kijia, upinde begani na simu ikiimba mfukoni. Akasimama chini ya mti wa Marlys, akafungua kopo la kinywaji, akanywa, akapiga mbweu.

"Hujambo," Marlys akasema kutoka juu.

Kijana karibu aangushe kopo. "Jamani! Samahani, mama. Sikukuona."

"Ndiyo maana ya nguo hizi."

"Umeona kulungu wowote?"

"Nimekuona wewe."

Kijana aliomba radhi tena na tena, akaondoka kwa kunyata, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuchelewa. Siku iliyofuata, upande wa pili wa pori lile lile, alikuja mwanamama wa mazoezi akikimbia na mbwa wake, na mbwa akaukojolea mti wa Marlys kwa utulivu kabisa. Marlys akafungasha. Akajaribu bonde la mto, akakuta vichanja vitatu kwenye miti inayotazamana, kila mwenye chake akijifanya hawaoni wenzake. Mwezi wa kumi ulikuwa unakatika hivyo, na kila wiki aliuvuta upinde uani kwake akaona mkono unatetemeka mapema zaidi. Alikuwa ameulegeza upinde mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Ungelegezwa zaidi ya hapo, usingekuwa upinde tena.

Palikuwa na mahali pamoja. Alikuwa amepaona kwenye ramani tangu mwanzo: kipande chembamba cha kijani kilichobanwa kati ya reli na mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji. Kinamasi kitupu, kwa kutazama, na kikikutana na upepo wa kusini kinanuka. Wanafunzi hawakitaki. Lakini katikati yake palikuwa na kinundu cha ardhi kavu chenye mialoni, na penye mwaloni pana mbegu zake, na penye mbegu pana kulungu. Marlys alijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Tatizo lilikuwa pikapu.

Maegesho ya pale ni uwanja mdogo wa kokoto, na kila alfajiri aliyokwenda alikuta pikapu ya kijani imekwisha kuegeshwa, pua yake ikitazama miti. Sasa, sheria ya serikali inasema ardhi ni ya wote. Lakini wawindaji wa upinde wana sheria yao, haikuandikwa popote na haivunjwi: ukikuta gari la mwenzio kwenye maegesho madogo, mwenzio yuko ndani, na wewe unageuza. Huingii ukamharibia upepo. Hupigi honi. Unageuza kimya kimya na kumlaani moyoni.

Marlys aligeuza. Akaja tena, akageuza. Akaja siku ya mvua, akisema leo huyo mroho atalala, wapi! Pikapu ile pale, na vioo vimeloa.

"Msimu mzima?" aliuliza usukani wake. "Hana nyumba huyu?"

Ijumaa, watu walipokuwa wanakula samaki wa kukaanga kilabuni kwa Rudy, Marlys alisogea kaunta akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za ugonjwa wa aibu.

"Rudy, ile pikapu ya kijani kule kwenye mabwawa ya majitaka ni ya nani?"

Rudy aliacha kufuta glasi. "Unauliza gari, au unauliza pori?"

"Gari."

"Gari ni la Gordy Jelinek."

"Na pori?"

"Hilo sikulisikia," Rudy akasema, akaendelea kufuta.

Hakuna asiyemjua Gordy Jelinek. Alikuwa fundi wa breki za treni mpaka akastaafu, na zile pembe kubwa zilizo juu ya kaunta ya Rudy alizileta yeye. Alikuwa pia na mdomo. Watu waliohamia kwenye pinde za mtambo walikuwa hawapumui mbele yake. Kumwomba mtu kama huyo akuachie mahali pake ni kujitafutia maneno ya kukaa nayo mpaka kaburini.

Ikaja wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, ile wiki ambayo madume hupoteza akili kwa ajili ya majike na kutembea mchana kweupe. Wiki hiyo ikipita bure, basi. Marlys aliomba ruhusa kazini. Jumatatu akavuta upinde uani, ukafika nusu, ukagoma. Akaushusha akapumua, akajaribu tena, ukafika. Aliingia ndani akakaa jikoni bila kuvua buti, akajiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Atakwenda kumwomba. Akikataa, amekataa.

Alikwenda asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, saa ambayo mwindaji hutoka kunywa kahawa. Aliegesha kando ya barabara, mbali kidogo kwa heshima, akatembea juu ya kokoto kwa kukanyaga kwa nguvu asije akamshtua mtu. Vioo vya pikapu vilikuwa na ukungu wa pumzi. Akagonga.

Kioo kikashuka. Kwanza ilitoka harufu. Soseji ya ini, mkate mweusi wa rai, na vitunguu vibichi, vingi. Kisha akamwona Gordy mwenyewe, blanketi miguuni, chupa ya kahawa kwenye dashibodi, kipande cha mkate mkononi.

"Msitu umejaa," Gordy akasema.

"Sijauliza kitu, Mzee Jelinek."

"Ulikuwa unakuja kuuliza. Wewe si binti wa Palmer Tvedt? Una kidevu chake. Naye alikuwa anakuja hivyo hivyo kwa kukanyaga."

"Umetoka ndani sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kumetulia leo."

Marlys alitazama chini, si kwa kupeleleza, macho yalikwenda tu. Buti za Gordy zilikuwa kavu kabisa. Mwenye kutoka kwenye kinamasi kile hutoka na tope mpaka magotini. Akatazama kiti cha nyuma, akaona upinde umelala ndani ya mfuko wake, na juu ya zipu buibui amejijengea.

Gordy alifuata macho yake yalikokwenda. Alikuwa na uso mkubwa, mwekundu, na ulianza kuwa mwekundu zaidi.

Marlys angeweza kusema mengi. Alikuwa amegeuza gari lake hapo asubuhi ngapi! Hasira ilimpanda kweli. Kisha akaona mzee anavuta blanketi kufunika buti zake kavu, na hasira ikakosa pa kukaa.

"Langu ni bega," akasema. "Wananipasua mwezi ujao. Jana nimevuta nikafika nusu."

Gordy alitafuna polepole. Akameza.

"Yangu ni mabega yote mawili," akasema mwishowe. "Na moyo juu yake. Huu msimu wa tatu. Zunguka, upande huo mlango haujafungwa."

Akazunguka akaketi. Kiti cha abiria kilikuwa na springi iliyovunjika. Gordy akammiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

"Na ule wa mtambo?" Marlys akauliza.

"Mimi?" Gordy alicheka kicheko kikavu. "Nimewacheka watu wa mtambo tangu zitoke. Hollis Brandt nilimwambia mbele ya kilabu kizima akauweke kwenye kapu la midoli ya wajukuu. Hollis bado yuko hai, binti. Na hajasahau."

Mdomo huponza kichwa, Marlys aliwaza, ila hakusema. "Na Bi Verna anajua?"

"Hajui. Na asijue!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka akashika kifua, akatulia kwanza. "Nikuambie kitu. Tangu moyo uharibike, Verna ananikatia nyama kwenye sahani. Ananifunga vifungo. Ananiuliza kama nimekunywa maji, mimi mtu mzima! Lakini msimu wa upinde ukianza, ananiwekea chakula hapo mezani, ananiambia, 'Haya toka, na usirudi mikono mitupu.' Ananifukuza kama zamani. Kwa hilo tu hajawahi kunihurumia. Sasa unataka nilipoteze?"

"Na ukirudi mikono mitupu?"

"Namwambia kulungu siku hizi ni wajanja."

"Miaka mitatu?"

"Wajanja sana," Gordy akasema.

Wote wawili wakacheka, na kioo kikazidi kuingia ukungu. Halafu Marlys akasema lililomleta. Anaomba kuingia humo. Gordy akasema hiyo ni ardhi ya umma, ruhusa ya nini? Marlys akasema gari lako lipo. Hapo mzee aliweka mkate wake kwenye dashibodi, maana alikuwa ameheshimiwa, na alijua.

"Usipite na kijia hiki," akaanza, na mwenye kujua mambo haya atajua uzito wake, kwa kuwa mwindaji hukupa gari lake na figo yake kabla hajakupa njia yake. "Ukipita hapa, upepo unakutangulia. Fuata chini ya tuta la reli mpaka penye mti mkubwa ulioanguka. Vuka hapo, maji ni ya magotini. Kisiwa cha mialoni kiko mbele yako. Kuna mwaloni wenye matawi mawili, shina lake lina alama za misumari yangu ya zamani. Panda huo. Na usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?"

"Nimewafuga kulungu humo, ujue. Miaka mitatu hakuna aliyeingia, kwa ajili ya gari langu. Hawamjui mtu."

Kesho yake, giza likiwa bado halijaondoka, Marlys aliegesha ubavuni mwa pikapu ya kijani. Gordy alishusha kioo kidogo tu, akanyoosha kidole kuonyesha upepo ulikokuwa unatoka, akapandisha. Marlys alifuata tuta, akavuka maji, akaukuta mwaloni na alama zake.

Kupanda kulimchosha kuliko alivyotaka kukiri. Alikaa juu akisubiri mkono upoe. Mapambazuko yalipokuja kijivu, dume alitoka kwenye matete, pembe zake pana, shingo imevimba, pua chini akifuata harufu ya jike. Marlys hakuwa ameona dume wa namna hiyo tangu enzi za Osterhaus. Alikuja mpaka akasimama ubavu wazi. Marlys akavuta. Upinde ukafika nusu, na bega likakataa. Akauma meno, akasukuma kwa mgongo, kwa tumbo, kwa kila alichokuwa nacho. Likakataa. Dume aliinua kichwa, akamtazama mtu juu ya mti ananing'inia na upinde wake, kisha akaondoka kwa hatua zake, hata bila kukimbia.

Marlys alilia. Hakulia kwa ajili ya pembe. Alilia kwa sababu lilikuwa limetokea, lile aliloambiwa kwamba litatokea, na alikuwa amedhani anaweza kulitangulia. Akajifuta kwa mkono wa koti, akajiambia shuka. Hakushuka. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, na upepo ulikuwa bado mzuri.

Jua lilikuwa limekwisha kugusa matete majike mawili yalipokuja kula mbegu za mwaloni chini kabisa ya mti, karibu mno kiasi cha kusikia zinavyopasuka menoni. Safari hii Marlys hakuuinua upinde kwanza ndipo avute, kama alivyofundishwa. Aliulaza mapajani, akausukuma mbele kwa mkono wa kushoto ulio mzima huku wa kulia ukikaa tu mahali pake, na upinde ukavutika njia yote. Jike kubwa likapitisha kichwa nyuma ya shina. Akauinua, akalenga nyuma ya bega, akaachia.

Mnyama aliruka, akatimka, matete yakafunga nyuma yake. Kisha kimya.

Kulungu aliyepigwa hafuatwi papo hapo. Ukimkimbilia, naye atakimbia mpaka wilaya ya pili. Unamwacha akalale. Marlys aliteremka akaokota mshale, akarudi na njia ya tuta mpaka kwenye pikapu. Gordy alikuwa amekwisha kushusha kioo.

"Lete nione." Akaushika mshale, akautazama kwenye mwanga, akaunusa. "Damu ya mapafu. Ina povu. Hajafika mbali. Umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Kaa kwanza. Kunywa kahawa." Yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kukaa. Alikuwa anavaa glavu, anavua, anavaa.

Muda ulipotosha, Marlys akasema, "Macho yangu si mazuri kwenye majani mekundu. Njoo unisomee damu." Macho yake yalikuwa mazuri kabisa.

Walikwenda polepole, wakipumzika, mzee akishika bega zima la Marlys kwenye maji. Kisiwani Gordy alipiga magoti. Hapo ukamwona mtu mwingine. Alikwenda kwa magoti kutoka jani hadi jani, akigusa kila tone kwa kidole, akisema hapa aligeuka, hapa alisimama, hapa alikuwa anachoka. Damu ilipokatika, Marlys akaanza kwenda kulia, Gordy akasema shoto, na shoto ndiko alikokuwa, amelala kwenye nyasi kama aliyesinzia.

Gordy alivua kofia. Alikata kijitawi cha mwaloni akakiweka mdomoni mwa mnyama, kama babu yake wa Bohemia alivyomfundisha, liwe tonge lake la mwisho. Marlys hakuwa na desturi hiyo, lakini naye alivua kofia.

Walimkokota kwa sleji ya plastiki, ile ya watoto ya kutelezea kwenye theluji. Marlys alivuta kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa moyo wa Gordy haukuruhusiwa kuvuta kitu, alibeba upinde. Aliubeba mbele yake kwa mikono yote miwili. Kwenye maegesho Marlys akamtengea paja na minofu ya mgongoni, ile nyama ambayo mtu hampi hata mchungaji.

"Nimwambie Verna nini?" Gordy akauliza.

"Mwambie umempiga wewe."

"La. Kuhusu kukaa garini nimemdanganya, sawa. Kuhusu kulungu sijawahi kumdanganya mtu." Akafikiri. "Nitamwambia tulikuwa wawili. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Marlys akasema.

Siku mbili baadaye simu ililia Marlys akiwa anasaga nyama ya soseji, mikono yote mafuta. Ilikuwa sauti ya bibi asiyemjua.

"Marlys? Verna Jelinek hapa. Nashukuru kwa nyama, mwanangu. Minofu ya mgongo! Nani humpa mtu minofu siku hizi?"

"Mume wako ndiye aliyemwona, Bi Verna. Mimi ningempoteza."

"Amenihadithia. Amenihadithia kila jani. Juzi hakulala kwa kuhadithia." Akashusha sauti. "Upinde wake bado una buibui?"

Simu ilimteleza Marlys mikononi kwa mafuta, akaidaka.

"Usihangaike kutunga," Verna akasema. "Ni hivi. Miaka yote niliyokaa na Gordy, ikifika mwezi wa tisa kitunguu hakiingii nyumbani kwangu. Hata kukikaanga. Nguo zitanuka, kulungu watakimbia, mwisho wa dunia. Basi mwaka juzi nikajisahau, nikaweka kitunguu kwenye mkate wake wa msituni. Nilipokumbuka nikakimbia barazani, gari limeondoka. Nikasema leo nitafokewa. Jioni akarudi, akaosha kopo lake, akaniambia chakula kilikuwa kitamu."

"Ee Bwana."

"Kesho yake nikaweka tena. Kwa kusudi. Vingi."

"Akala?"

"Akala. Nikakaa hapo jikoni nikalia. Halafu nikamenya vingine, maana alivipenda siku zote, masikini, na alikuwa amejinyima."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Marlys aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Mbona hujamwambia?"

"Nimwambie iwe nini? Akae hapa anitazame nikipiga pasi? Kule ana pa kwenda. Mimi nikimwambia toka, na usirudi mikono mitupu, unyayo wake unabadilika akishuka ngazi. Nausikia." Verna akapenga kamasi bila kujificha. "Kilichokuwa kinaninyima raha ni yule mtu na moyo wake, peke yake kule. Sasa nimesikia kuna gari la pili. Basi. Wewe hujui kitu, na sisi hatujaongea."

"Sijui kitu, Bi Verna."

Walimpasua bega mwezi wa kumi na mbili. Kristin alikuja kumuuguza, akala soseji zote za friza, akauliza kama zimebaki. Majira ya kuchipua Marlys alivuta mipira ya mazoezi mbele ya ukuta. Kiangazi alipaka rangi kwa mkono wa kushoto, sehemu za chini tu, dari wakapewa vijana. Mwezi wa tisa alikwenda uani na upinde wake uliolegezwa mpaka mwisho, akajaribu ile njia ya kuusukuma kutoka mapajani. Ulifika nusu. Akajaribu tena jioni, na kesho yake asubuhi. Daktari alisema labda mwaka mmoja zaidi, halafu akakohoa. Marlys akautundika upinde jikoni, kando ya mlango, mahali ambapo lazima auone.

Gordy alimwambia kiti cha abiria bado kina ile springi, aje na mto wa kukalia.

Jioni ya kuamkia siku ya kufunguliwa msimu, Verna alipiga simu. Kisu kilikuwa kinasikika kikigonga ubao.

"Ninamkatia Gordy mkate wa kesho. Nikukatie na wewe?"

"Nitashukuru, Bi Verna."

"Soseji ya ini unakula?"

"Nakula."

Kisu kikasimama.

"Na wako, mwanangu, niutie vitunguu, au bado?"

Marlys aliutazama upinde ukutani. Aliinua mkono wa kulia polepole mpaka pale ulipoishia siku zote, akaushusha.

"Tia," akasema. "Lakini mwaka huu tu."